Kovu la Moyo

Mwezi Aprili 2001 jarida la Nature lilichapisha makala fupi kutoka New York Medical College, chuo cha tiba kilichoko Valhalla, nje kidogo ya jiji la New York. Kiongozi wa maabara alikuwa Piero Anversa, daktari mzaliwa wa Italia ambaye kwa miaka mingi alikuwa akilipinga fundisho lililokuwa katika kila kitabu cha tiba: kwamba binadamu huzaliwa na seli zote za misuli ya moyo atakazokuwa nazo, na zikifa hazirudi tena. Yeye, Donald Orlic na wenzao waliufunga mshipa unaolisha moyo wa panya, wakasubiri saa chache, kisha wakachukua seli shina kutoka kwenye uboho wa mifupa ya panya wengine na kuzidunga kandokando ya jeraha. Siku tisa baadaye, waliripoti, asilimia 68 ya eneo lililokufa ilikuwa imejaa misuli mipya.

Seli shina ni seli ambayo haijapewa kazi ya kudumu. Inaweza kujigawa ikabaki kama ilivyo, na inaweza kugeuka ikawa seli yenye kazi maalumu. Zile za kwenye uboho hutengeneza damu usiku na mchana tangu tunapozaliwa hadi tunapokufa. Anversa alikuwa anasema kwamba seli hizo hizo, zikiwekwa ndani ya moyo uliojeruhiwa, huiacha kazi ya damu na kuwa moyo.

Uzito wa dai hilo unaeleweka vizuri zaidi mtu akijua kinachotokea wakati wa shambulio la moyo. Moyo wa mtu mzima hupiga karibu mara laki moja kwa siku, na misuli yake inalishwa na mishipa ya koronari inayouzunguka kwa nje. Mmoja ukizibwa na bonge la damu, seli zilizo mbele ya kizuizi huanza kufa katika muda wa nusu saa hivi. Shambulio kubwa linaweza kuua seli bilioni moja. Mwili hauzembei: seli za kinga zinafika kusafisha zilizokufa, kisha seli nyingine zinaliziba pengo kwa nyuzi za kolajeni. Kovu hilo ni la lazima, kwa sababu bila hilo ukuta wa moyo ungepasuka. Lakini kovu halijikunji wala kujikunjua. Misuli iliyosalia inabeba kazi ya iliyokufa, chumba cha kushoto kinapanuka, kuta zinakuwa nyembamba, na baada ya miaka kadhaa mgonjwa hawezi kupanda ngazi bila kuhema, miguu inavimba, usiku analala ameegemea mito kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Zipo dawa nzuri za kupunguza mzigo wa moyo wa namna hii, na zimewaongezea watu wengi miaka ya kuishi. Hakuna hata moja kati yake inayorudisha seli zilizokufa.

Kwa hiyo makala ya Valhalla ilipotoka, madaktari wa moyo hawakutaka kungoja. Mwaka huo huo wa 2001, mjini Düsseldorf, Ujerumani, Bodo Strauer na timu yake walikuwa tayari wameanza kuchota uboho kutoka kwenye mfupa wa nyonga wa mgonjwa, kuuchuja, na kuzipeleka seli zake moja kwa moja kwenye mshipa wa moyo kwa mrija mwembamba. Mwaka 2002 walichapisha taarifa ya wagonjwa 10 na kusema mioyo yao imepata nguvu. Hospitali za Frankfurt, Hannover, London na kwingineko zikaanza majaribio yao. Uboho ulikuwa na mvuto wa pekee: ni wa mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo kinga ya mwili haiukatai. Wala hautoki kwenye kiinitete, na mwezi Agosti 2001 Rais George W. Bush wa Marekani alikuwa amebana fedha za serikali kwa utafiti wa seli shina za viinitete. Njia iliyoonekana salama, rahisi na isiyoleta ugomvi wa kidini ilikuwa mezani.

Kilichokosekana ni mtu wa kulirudia jaribio la panya na kuona kama matokeo ni yale yale.

Walipatikana wawili, na makala zao zilitoka pamoja katika Nature mwaka 2004. Charles Murry wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, akishirikiana na Loren Field wa Indiana, alitumia panya waliobadilishwa vinasaba kwa ustadi mkubwa: seli za panya hao zikigeuka kuwa misuli ya moyo, na hapo tu, viini vyake hugeuka rangi ya buluu vinapopakwa kemikali fulani. Seli ya damu haiwezi kuwa na buluu hiyo, na wala rangi hiyo haitokani na macho ya mtafiti mwenye matumaini. Walifanya upandikizaji katika mioyo 145 ya panya. Hawakuona seli hata moja ya uboho iliyogeuka kuwa misuli ya moyo. Kundi la Chuo Kikuu cha Stanford, kwa njia nyingine, lilifika mahali pale pale: seli za damu zilizodungwa ndani ya moyo zilikuwa zimeendelea kuwa seli za damu.

Ingekuwa haki hadithi iishie hapo. Haikuishia. Anversa na wafuasi wake walijibu kwamba wale wengine hawana ustadi wa kudunga moyo wa panya, kwamba walitumia seli zisizo sahihi, na kwamba zaidi ya hayo, mwaka 2003 maabara yake ilikuwa imegundua kitu kikubwa zaidi: moyo una seli shina zake wenyewe, zenye alama iitwayo c-kit, zinazokaa kati ya misuli zikisubiri kuamshwa. Watafiti wengi chipukizi walijenga kazi zao juu ya seli hizo. Wale walioshindwa kuziona waliambiwa tatizo ni mikono yao.

Swali la msingi lilikuwa moja, na ndilo linaloiongoza sura hii yote: nyama mpya ya moyo ipo, au haipo? Kipimo cha eko kinaweza kuonyesha moyo unasukuma damu vizuri kidogo kuliko mwezi uliopita, lakini sababu za hilo ni nyingi. Mgonjwa wa shambulio la moyo hupata nafuu kwa dawa, kwa mshipa kuzibuliwa, kwa muda tu kupita. Ukitaka kujua kama seli zimezaliwa, huna budi kuzihesabu seli zenyewe na kujua umri wake.

Jonas Frisén wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, alifanya hivyo kwa kutumia mabaki ya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Sijui kazi nyingine katika utafiti wa moyo iliyofikiriwa kwa uzuri kama hii. Tangu katikati ya miaka ya 1950 hadi 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu hewani, na milipuko hiyo ikafanya kiasi cha kaboni-14 katika angahewa kukaribia kuwa maradufu. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti zilitia saini mkataba wa kuacha majaribio ya hewani, na tangu hapo kiwango kimekuwa kikishuka mwaka hadi mwaka, kwa mwendo uliopimwa na kuandikwa. Mimea inaivuta kaboni hiyo. Sisi tunakula mimea, na tunakula wanyama waliokula mimea, kwa hiyo kilichokuwa hewani kinaingia mwilini mwetu. Sehemu nyingi za seli hubadilisha malighafi yake kila mara. DNA haibadilishi: kaboni iliyoingia siku seli ilipojigawa kwa mara ya mwisho hubaki humo mpaka seli ife. Kila mtu aliyeishi katika miongo hiyo, awe mkulima wa Sumbawanga au karani wa Stockholm, amebeba ndani ya seli zake tarehe ambayo zilizaliwa.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Moyo una seli za aina nyingi, na zile za misuli ni chache kuliko nusu, ingawa ndizo zinazochukua nafasi kubwa kwa sababu ya ukubwa wake. Olaf Bergmann, aliyefanya sehemu kubwa ya kazi katika maabara ya Frisén, ilimbidi atenganishe viini vya seli za misuli na vya seli nyingine kwa kutumia kingamwili inayonasa protini ya misuli ya moyo, kisha DNA ipelekwe kwenye mashine inayoweza kuhesabu chembe za kaboni-14 moja moja. Mioyo ilitoka kwa watu waliokwisha kufariki. Waliozaliwa kabla ya mabomu ndio waliotoa jibu lenye nguvu kuliko wote, kwa sababu kama fundisho la vitabuni lilikuwa kweli, DNA ya mioyo yao isingekuwa na alama yoyote ya mabomu. Alama ilikuwepo.

Makala ilitoka katika jarida la Science mwaka 2009. Ilisema mtu wa miaka 25 hufanya upya karibu asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo wake kwa mwaka, na akifika miaka 75 kiwango kimeshuka hadi chini ya nusu ya asilimia. Katika maisha yote ya kawaida, chini ya nusu ya seli hizo hubadilishwa. Vitabu vya zamani vilikuwa vimekosea, maana moyo hujijenga upya. Anversa naye alikuwa amekosea, maana unajijenga polepole mno: kwa mwendo huo, kufidia seli bilioni moja zilizokufa asubuhi moja kungechukua miongo ya miaka. Maabara yake ilitoa namba kubwa kuliko hizo kwa mbali, na makala yake moja ya mwaka 2012 kuhusu upya wa moyo wa binadamu ilikuja kufutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2014, ilipobainika kuwa data zake haziaminiki.

Kuna viumbe vinavyojua kufanya kile ambacho moyo wetu haujui. Samaki mdogo aitwaye pundamilia akikatwa sehemu ya tano ya chumba cha moyo, huirudisha katika muda wa miezi miwili. Hilo lilionyeshwa mwaka 2002. Mwaka 2011 maabara moja ya Dallas ilionyesha kwamba hata mtoto wa panya wa siku moja anaweza kuirudisha nyama ya moyo iliyokatwa, lakini akifikisha siku saba uwezo huo umeshatoweka. Katika viumbe hivi vyote viwili hakuna seli shina inayofanya kazi. Seli za misuli zilizopo zinajigawa zenyewe. Habari hiyo ilipaswa kuwashtua waliokuwa wakizitafuta seli za c-kit.

Huku nyuma, wagonjwa walikuwa wanaendelea kutobolewa nyonga. Mamia, baadaye maelfu ya watu wenye mioyo dhaifu waliingia katika majaribio ya uboho, na matokeo yalitofautiana kwa namna isiyoeleweka: hospitali moja ikitangaza ushindi, nyingine ikikosa kitu. Darrel Francis, daktari wa moyo wa Imperial College London, aliketi na wenzake wakasoma ripoti za majaribio 49, mstari kwa mstari, wakitafuta mambo yasiyowezekana. Asilimia isiyoweza kupatikana kwa idadi ya wagonjwa waliotajwa. Jedwali linalopingana na maelezo yaliyo chini yake. Jaribio linalosema hapa wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, na pale kwamba walichagua wenyewe. Walikuta mikanganyiko zaidi ya 600. Kisha wakapanga majaribio kwa idadi ya mikanganyiko yake, na walichokiona kilichapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2014: kadiri ripoti ilivyokuwa na kasoro nyingi ndivyo tiba ilivyoonekana kufaa zaidi, na katika ripoti zisizo na kasoro hata moja, manufaa yalikuwa sifuri.

Sidhani wengi wa madaktari hao walikuwa waongo. Walikuwa na wagonjwa wanaokufa mbele yao na tiba iliyopendeza kusimulia, na mtu akiwa katika hali hiyo mkono hulegea anapoandika namba. Ndiyo maana jaribio kubwa lenye masharti magumu ni haki ya mgonjwa. La uboho lilifanywa Ulaya, likiongozwa kutoka London na Anthony Mathur, kwa lengo la kupata wagonjwa 3,000. Likapata 375. Vifo katika kundi lililopewa seli na kundi ambalo halikupewa vilikaribiana mno, na ripoti ya mwaka 2020 haikuweza kusema tiba inafaa.

Kuanguka kwa Anversa kulikuja hatua kwa hatua. Mwaka 2007 alikuwa amehamia Boston, katika hospitali ya Brigham and Women's iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2011 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio la binadamu ambamo seli za c-kit zilikuzwa katika maabara yake na kupewa wagonjwa waliotibiwa Louisville, Kentucky. Uchunguzi ulianza. Aprili 2017 hospitali hiyo na shirika lililokuwa likiimiliki walikubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 10 kumaliza tuhuma kwamba fedha za utafiti ziliombwa kwa data za uongo. Oktoba 2018 Harvard na hospitali walipendekeza makala 31 za maabara hiyo zifutwe. Mwaka uliofuata The Lancet liliifuta ile ya 2011.

Kufikia Oktoba 2018, miaka 17 ilikuwa imepita tangu ile asilimia 68. Nimesoma maelezo mengi ya kashfa hii, na mengi huhesabu dola zilizopotea. Mimi nahesabu watu. Mgonjwa wa moyo uliochoka ana miaka michache, na baadhi yao walitoa sehemu ya miaka hiyo kwa ajili ya seli ambazo tangu 2004 kulikuwa na ushahidi mzuri kwamba hazigeuki kuwa moyo.

Jeffery Molkentin wa Cincinnati, aliyekuwa ameonyesha mwaka 2014 kwamba seli za c-kit za moyo wa panya karibu hazizalishi misuli kabisa, ndiye aliyeeleza baadaye kwa nini nafuu ndogo huonekana hata pasipo seli mpya. Yeye na wenzake waliwadunga panya seli za uboho zilizo hai, wengine wakawadunga seli zilizokwisha kuuawa, na wengine kemikali ya kuamsha kinga ya mwili. Makundi yote matatu yalipata nafuu inayofanana. Seli za kinga zilizokimbilia mahali pa sindano zilikuwa zimelirekebisha kovu likawa gumu na imara zaidi. Hiyo ni habari ya kweli na huenda ikazaa dawa, lakini si nyama mpya.

Nyama mpya ilibidi itengenezwe nje ya mwili. Njia ya kufika huko ilikuwa imefunguliwa na watu wengine kabisa. Mwaka 1998 James Thomson wa Wisconsin aliweza kuzikuza maabarani seli shina za kiinitete cha binadamu, ambazo zinaweza kuwa seli ya aina yoyote ya mwili. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alichukua seli za kawaida za ngozi ya panya, akaziingizia jeni nne, na seli hizo zikarudi utotoni, zikawa karibu sawa na za kiinitete. Mwaka uliofuata alifanya vivyo hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza John Gurdon.

Kuzifanya seli hizo ziwe moyo ni suala la kuzipa ishara zile zile ambazo kiinitete hujipa chenyewe, kwa mpangilio ule ule. Ishara moja inawashwa kwa kemikali, siku chache baadaye inazimwa. Baada ya siku nane hadi kumi, seli zilizo chini ya bakuli la maabara zinaanza kupiga zenyewe, bila ya mtu kuzigusa. Mara nyingi zinakuwa zimechanganyika na seli nyingine, na hapo Wajapani waligundua mbinu ninayoipenda kwa wepesi wake: waliondoa sukari kwenye chakula cha seli na kuweka laktiki, ile asidi inayojaa misulini mtu akikimbia sana. Seli za moyo zinaweza kuishi kwa hiyo. Nyingine zinakufa njaa.

Mwaka 2014 Murry, yule yule wa Seattle, alidunga seli bilioni moja za misuli ya moyo ya binadamu katika mioyo ya nyani aina ya makaki waliokuwa wamepata shambulio. Alizitafuta kwa ukali ule ule alioutumia miaka kumi kabla kuzikana za Anversa. Safari hii zilikuwepo: nyama ya binadamu ndani ya kovu la nyani, mishipa ya damu ya mwenyeji ikiingia kuilisha, mapigo yake yakienda na ya moyo uliobaki.

Lakini wanyama wote waliopewa seli walipata mapigo ya kasi yasiyo na mpangilio. Panya hawakuwahi kuonyesha hatari hiyo, kwa sababu moyo wa panya hupiga zaidi ya mara 500 kwa dakika na unafunika kosa lolote la mwendo wa polepole. Seli zilizotoka maabarani bado ni changa. Kama seli za kijusi, zinaweza kujianzishia mapigo zenyewe badala ya kungoja amri. Ni kama mpiga ngoma mgeni aliyeketi katikati ya kikundi na kuanza mdundo wake: walio karibu naye wanamfuata, na mchezo wote unavurugika. Kwa nyani hali hiyo hupungua baada ya wiki kadhaa seli zikikomaa. Kwa binadamu mwenye moyo dhaifu, wiki hizo zinaweza kuua. Mwaka 2023 kundi la Seattle lilionyesha kwamba kwa kuondoa jeni tatu na kuongeza nguvu ya moja, seli hizo zinaweza kutulia na kungoja amri ya moyo.

Wengine waliamua kuacha sindano. Mjini Paris mwaka 2014, Philippe Menasché alimwekea mama wa miaka 68 kiraka chenye seli zilizotokana na kiinitete, na kufikia 2018 alikuwa ameripoti wagonjwa sita. Hakuna aliyepata uvimbe wa saratani kutokana na seli, hofu iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mwanzoni mwa 2020 Yoshiki Sawa wa Osaka aliweka juu ya moyo wa mgonjwa karatasi laini za seli zilizotengenezwa kwa njia ya Yamanaka.

Kazi iliyoleta jibu la wazi zaidi ilitoka Göttingen, Ujerumani. Wolfram-Hubertus Zimmermann alianza kukuza vipande vya misuli ya moyo maabarani tangu miaka ya 1990, kabla wengine hawajaukimbilia uboho. Kiraka chake kina seli za misuli na seli za kiunganishi zikiwa ndani ya kolajeni, zikivutwa na kunyooshwa mpaka zijipange na kupiga kwa nguvu. Kinashonwa juu ya ukuta wa moyo kwa nje. Mwaka 2021, mwanamke wa miaka 46 mwenye moyo ulioshindwa kabisa aliwekewa viraka 10 vyenye seli milioni 400 kwa jumla. Miezi mitatu baadaye moyo wa kupandikizwa ulipatikana. Akabadilishiwa, na moyo wake wa zamani ukafika mikononi mwa watafiti.

Walioukata waliikuta misuli iliyotoka maabarani ikiwa hai, ina mishipa ya damu, imeshikamana na ukuta wa moyo. Makala ilitoka katika Nature mwezi Januari 2025, pamoja na matokeo ya makaki walioishi na viraka hadi miezi sita bila mapigo kuvurugika wala uvimbe. Ni mgonjwa mmoja, na nyama ile ilikuwa bado changa, haijaweza kubeba kazi ya moyo mzima. Lakini kwa swali lililoulizwa Valhalla mwaka 2001, moyo wa binadamu ulikuwa umetoa jibu linaloweza kuwekwa chini ya hadubini ya mtu yeyote anayetaka kulikagua.

Msomaji wa Mwanza au Mombasa ana haki ya kuuliza haya yanamhusu vipi. Kwanza tuondoe uchafu njiani. Katika miji yetu kuna watu wanaouza paketi za unga wakisema ni seli shina, na wanawauzia wagonjwa wa moyo kwa bei ya kuuza mbuzi. Tumbo husaga seli kama linavyosaga nyama ya chakula cha mchana. Hakuna unga wa kunywa unaopeleka seli hai kwenye moyo, na mgonjwa anayeacha vidonge vyake kwa ajili ya unga huo anaweza kufa.

Pili, mioyo yetu haichoki kwa sababu zile zile za Düsseldorf na Boston. Utafiti uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Shinikizo la damu lilikuwa chanzo kwa asilimia 45. Homa ya baridi yabisi inayoharibu vali, asilimia 14. Mishipa ya koronari iliyoziba, chini ya asilimia 8. Kiraka hakirekebishi vali, na hakuna haja ya kuungoja ufundi wa Göttingen wakati sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne inamkinga mtoto asirudiwe na homa hiyo, na vidonge vya presha vinamkinga mzazi wake.

Hata hivyo lipo kundi ambalo kiraka kingewafaa kweli: wenye ugonjwa wa misuli yenyewe, na miongoni mwao kina mama ambao moyo hulegea mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Ni vijana, wana watoto wachanga, na moyo wa kupandikizwa ni kitu ambacho wengi wao hawatakipata. Kwao tatizo litakuwa seli zenyewe. Viraka vya sasa havitokani na mgonjwa, maana kumtengenezea kila mtu vyake ni ghali na kunachukua miezi. Vinatoka kwa wachangiaji wachache, na anayewekewa hulazimika kunywa dawa za kuzuia kinga ya mwili isivishambulie. Kyoto wamejenga hazina ya seli kutoka kwa wachangiaji waliochaguliwa kwa alama zao za kinga, zinazowafaa kama asilimia 40 ya Wajapani. Waafrika tuna mchanganyiko mpana wa alama hizo kuliko watu wa bara lolote, kwa hiyo hazina iliyojengwa kwa ajili ya Japani au Ujerumani itatufaa kwa bahati tu. Kuitengeneza yetu kunahitaji wachangiaji kutoka huku, maabara safi ya kuzikuza seli na kuzihifadhi kwenye naitrojeni ya maji, na wataalamu wa vinasaba wa kuchagua nani achangie. Wachangiaji tunao. Kazi ya kupima alama zao inaweza kuanza sasa, na isipoanza sasa, mama wa Kigoma atakapofika hospitali na moyo uliolegea, tiba itakuwepo duniani na mwili wake utaikataa.